Yaya Wangu, Sista Wao

Mpendwa Yaya Béa, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezi kuongea. Kila nikikupigia nasikia mtu mlangoni kwako: mwanafunzi ana swali, mzazi anasubiri, kengele imelia. Unaniambia, "Mudogo, ngojea kidogo," nami nangojea mpaka simu inakatika. Leo nataka unisome ukiwa umekaa. Wangojee wao.

Kabla ya wanafunzi wako wote, mwanafunzi wako nilikuwa mimi. Watu hawalijui hilo. Kwenye lupango letu, ule ua wa nyumba pale Kamalondo, ulinikalisha juu ya bidoni ya maji iliyopinduliwa, ukaandika herufi kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Nilipokosea hukunicheka. Ulifuta kwa kiganja ukaandika upya, mpaka mkono wako wote ukawa mweusi na Mama akakugombeza kwa ajili ya mlango wake. Siku niliposoma neno zima peke yangu ulinibeba mgongoni ukazunguka nami lupango, ukiwaambia majirani, "Ule mutoto anajua kusoma." Sijawahi kusifiwa hivyo tena na mtu yeyote.

Tena kulikuwa na mchezo wa Baba. Unaukumbuka, najua, na baadaye nitakuambia kwa nini najua. Baba alikuwa mtu wa reli, na aliporudi safarini hakutuonyesha zawadi. Alitwambia tufumbe macho na kufungua viganja, kisha akatia kitu: konzi ya karanga, au ndakala, wale samaki wadogo wakavu wa ziwani. Sisi tulinusa na kubahatisha treni ilikuwa imefika mji gani. Ndakala ilikuwa Kalemie, hapo hata mimi sikukosea. Wewe ulikuwa unajua kila mara, lakini uliniacha niseme kwanza. Mchezo huo ulikuwa wetu watatu, Mama mwenyewe hakuwamo.

Nilikuwa bado shule ya msingi ulipoingia kwa masista. Mama alitembea barabarani kichwa juu kama aliyeolewa upya. Nilikuuliza utarudi lini, ukanijibu, "Siende mbali. Ni Katuba tu, utafika kwa miguu."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Ungekwenda Ulaya, ningezoea. Lakini ulikuwa Katuba, mvua iliyokunyeshea wewe ilininyeshea na mimi, na bado kukuona kulihitaji Jumapili iliyoruhusiwa. Ulinipokea kwenye chumba cha wageni, ukaniletea biskuti kwenye sahani. Biskuti, Yaya, mimi niliyekuwa nalamba sufuria moja nawe. Nilizitafuna huku nikiwatazama kupitia dirishani wasichana wa bweni, wakipita na ndoo zao, wakicheka. Wao walikuona kila asubuhi bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mimi nikawa fundi wa kushona, na kama makusudi, kazi iliyonilisha ni sare za shule. Blauzi nyeupe, sketi za bluu. Wasichana wako walikuja kwangu kupimwa kiuno na mabega, na kwa kuwa hawakujua mimi ni nani, waliongea. "Sista Béa alikaa nasi mpaka tukaelewa." "Sista Béa alikuja kwetu nilipokuwa na malaria." Mmoja alisema, "Ule ni mama yetu," nami nikiwa na pini mdomoni nikaendelea kumpima. Nilimshonea vizuri kuliko wote, ili asipate sababu ya kurudi kwangu.

Halafu Mama akaugua, binti yangu Gracia akiwa bado mdogo, na ugonjwa ukadumu miaka. Uliruhusiwa kuja jioni, ukae kidogo, urudi kabla ya giza. Mimi nilimwogesha, nikambadilisha shuka, nikampigia bukari, ugali wetu, nyepesi, na kumlisha tonge moja moja. Yeye alinitazama kwa upole akasema, "Béa iko ananiombea. Ni ile inanishikilia." Nilinyanyua beseni nikatoka nje.

Na alipofariki, kwenye kilio chake wanafunzi wako walikuja wamevaa sare nilizowashonea, wakaimba hadi watu wa mtaa wa pili wakaja kusikiliza. Kila aliyeingia alikutafuta wewe, akakushika mikono, akakupa pole. Mama mmoja wa Katuba alinikuta nimesimama karibu na mlango, akanikabidhi vikombe vichafu. "Mama, tusafishie hivi, wageni bado wako wanakuja." Nilivipokea, nikavisafisha. Wewe ulikuwa umezungukwa, hukuona.

Ulinisihi mwenyewe nimlete Gracia kwenye shule yenu alipofika umri wa sekondari. Nilikubali kwa hesabu yangu: nilidhani kupitia yeye nitakupata na mimi. Ikawa kinyume. Mtoto wangu alikuwa nawe siku zote za juma, na jioni aliniletea makombo. "Leo Sista alisema hivi. Leo Sista alicheka." Nilimwambia, "Ule si Sista kwako, ni mama mukubwa wako." Akanijibu, "Kwa masomo ni Sista, Mama. Yeye mwenyewe ndiye alisema."

Siku moja alirudi amefurahi kupita kiasi. Alisema kwenye somo la jiografia waliambiwa wote wafumbe macho na kufungua viganja, na Sista akapita kati ya madawati akiweka vitu: kwa huyu karanga, kwa yule ndakala, na kila mmoja alipaswa kusema treni imefika wapi. Kesho yake nilifunga mashine yangu mapema nikaja Katuba bila Jumapili wala ruhusa, nikakukuta uani na chaki kwenye vidole.

Nikakuambia, "Ile ilikuwa yetu."

Ukasema, "Miye sina kitu ingine ya kubapatia. Nguo si yangu, nyumba si yangu. Niko na ile tu, ile ya Baba."

Niligeuka nikarudi nyumbani. Lakini nakuambia leo, jibu lako halikunituliza hata kidogo. Darasa zima lilikuwa limenusa mkono wa baba yangu.

Kisha wakakuhamisha kaskazini, kwenye shule ile ndogo. Ulikuja kuniaga na mfuko mmoja. Gracia alilia akakushika kiuno, na mimi nilisimama nyuma yake nikingoja zamu yangu ya kukukumbatia. Ilipofika, dereva alikuwa tayari anapiga honi.

Mwaka huu Gracia alipomaliza mtihani wa serikali, nilikuwa nimemtengea mashine ya pili, karibu na dirisha. Alinijia nikiwa nakunja vitambaa. "Mama, niko nataka kuingia kwa ba masœur. Nataka kuwa sista kama mama mukubwa."

Nikamuuliza, "Na kama miye, hakuna anayetaka kuwa?"

Akachukua kitambaa, akakunja nami. Ni mtoto wa kweli, hakuweza kunidanganya. Tuliishi juma zima tukisemezana mambo ya maji na chumvi tu. Ndipo nikakupigia. Kwa bahati, au kwa neema kama mnavyosema nyinyi, mlangoni kwako siku hiyo hakukuwa na mtu. Nilikuambia yote bila salamu. Nilikuambia ulichukua sifa za nyumba, ukachukua maombi ya Mama, ukachukua mchezo wa Baba, na sasa umeninyang'anya mtoto.

Nilikusikia ukifunga mlango wako. Kisha ukasema, "Miye nilimukatalia. Nilimwambia abakie na weye." "Unajua, mudogo, wakati ule wa ugonjwa wa Mama, nilipokuwa natoka kwako jioni na kukuacha unamusuka ule mutoto nywele, amelala kichwa kwa mapaja yako, sikupanda gari. Nilirudi Katuba kwa miguu, macho ikauke kwanza, ba masœur wasinione. Miaka yote ile. Nilikuwa na wivu na weye."

Ningepaswa kukuhurumia, Yaya. Dada mwema angekuhurumia. Mimi nilikata simu nikakaa pale kwenye kiti cha kushonea, na kitu nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Kumbe nami nilikuwa na kitu ulichokitaka. Kumbe ulipita barabara ileile ya kwenda Katuba ukiangalia nyuma nilikokuwa mimi. Nilibaki na furaha hiyo mpaka mchana, na ilipopungua ndipo nililia, kwa ajili yako na kwa ajili yangu, sijui nani zaidi. Jioni nilimwita Gracia nikamwambia aende.

Usidhani nimepona. Jana nilikuwa nashona nguo atakazoingia nazo, na nilimkuta akiimba wimbo wako, ule uliomfundisha, na mkono wangu ukaenda ovyo ikabidi nifumue mshono. Nina wivu na nyumba ile ya masista ya Kasungami itakayompokea. Nina wivu na watoto atakaowafundisha, ambao bado hawajazaliwa. Nina wivu nawe, kwa sababu siku atakapochoka na kukosa la kufanya, atakuandikia wewe, si mimi, maana wewe utamwelewa.

Anaingia Jumamosi hii. Nimesikia umepewa ruhusa ya kuja, na kwamba sista mkuu anataka wewe ndiye umshike mkono mpaka mlangoni, kwa kuwa ni mtoto wa damu yako na wa mafundisho yako. Ni jambo zuri, watu watalipenda. Nimekataa. Nilikwenda mwenyewe kumwambia, kwa heshima, na amenielewa.

Utakuwa naye maisha yake yote. Mtavaa nguo moja, mtasali sala moja, mtazeeka katika nyumba moja. Mimi niachie njia ya kutoka Kamalondo hadi Kasungami. Nitabeba begi lake mimi, na mlangoni nitamwachilia mimi.

Wewe njoo Jumapili. Usiende kwanza kwa masista, usipite shuleni Katuba, usimwambie mwanafunzi hata mmoja kwamba umefika mjini. Njoo moja kwa moja nyumbani. Nitakuwa peke yangu, na nitafunga mlango wa barabarani.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
ninayekungojea.