Kuta za Turubai za Gari la Zuhura

Kwa mke wangu, Mama Zuhura,

Assalaam alaikum. Waonaje hali? Goti limetulia, au bado wapanda ngazi kwa ubavu? Mimi mzima, nala, nalala, naswali katika msikiti ulio karibu na hapa kwa dadako Kibokoni. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Zuhura alitaka kuniandikia nikakataa, kwa hivyo ukiona mistari yapanda yashuka usimlaumu mtu. Isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Najua wajiuliza mbona sijarudi. Ulinituma nije nimchukue Zuhura nimrudishe Siyu, kwa kuwa Athmani ameleta posa na mamake yuwangoja jawabu. Sikusahau. Siku ya kwanza tu nilimwambia, "Funga nguo zako." Akanijibu, "Baba, kwanza njoo uone kazi yangu." Nikasema haya, kuona si kukubali.

Kazi yenyewe iko Shimanzi, ndani ya yadi ya malori. Kuna gari hapo, sijui nikueleze vipi. Ni gari na ni nyumba: ndani mna kitanda, kabati na jiko la gesi. Wazungu wawili walikuja nalo safari zao, injini ikafa, wakaliuza wakapanda ndege. Zuhura na dadako wakalinunua. Haliendi popote. Ubavuni mwake hukunjuliwa turubai likawa kivuli, na kivuli hicho kina kuta tatu, nazo za turubai, za kuzuia vumbi. Humo madereva hukaa wakala mbaazi na mahamri kabla hawajashika barabara. Na wanakula, Mama Zuhura! Asubuhi hupati pa kuweka kiwiko.

Tabu ni upepo. Yadi iko wazi na kusi la mwaka huu halina adabu. Kuta zikishikwa zapiga kelele kama mtu akung'utaye mazulia, na vumbi laingia chunguni. Siku chache baada ya mimi kufika, ukuta mmoja uling'oka ukaenda kujibandika kwenye kioo cha lori lililokuwa likirudi nyuma. Dereva akawa haoni kitu. Msimamizi wa yadi, Katana, Mgiriama mrefu asiyejua kucheka, akamwambia Zuhura mbele yangu: "Dada, sina ubaya nawe. Lakini turubai likiruka tena, gari hili nalivuta nje." Na Zuhura hana pengine pa kuliweka.

Mtu mwenye akili angenyamaza, auachie upepo umfanyie kazi aliyotumwa. Gari likiondoka, binti anarudi nyumbani, basi. Mimi sikuweza. Turubai lishindwe na upepo na mimi nimekaa pale na kikombe mkononi? Mimi, niliyezungushia turubai viwanja vyote vya arusi za wanawake Siyu, mpaka watu wa Faza wakinifuata? Nikavua kanzu.

Nilifunga, wewe wanijua nikifunga. Vigingi nilipigilia mpaka vichwa vikapotea ardhini. Kila kitundu kamba yake, kila kamba mafundo mawili. Kuta zikakaza, ukizigonga zalia kama ngoma. Zuhura akasimama nyuma yangu na kijiko cha mbaazi. "Baba, legeza chini kidogo."

"Umeanza lini wewe kunifunza turubai?"

"Upepo utoke wapi, baba?"

"Usipoingia, hautakuwa na haja ya kutoka!"

Madereva wakacheka, nami nikaona nimeshinda.

Asubuhi yake kusi likaja. Kuta hazikung'oka, kweli, mafundo yangu hayafunguki. Lakini upepo ulijaa humo ndani, ukakosa njia, ukanyanyua kivuli kizima, nguzo na vyote. Nguzo moja ikashuka juu ya chungu cha mbaazi. Turubai lililobaki likalala chini, shibri moja tu kutoka gurudumu la lori. Mtu hakuumia, alhamdulillahi. Dereva mmoja mwenye mbaazi kichwani akaniuliza, "Mzee, na arusi zako huwa zaruka hivi?" Katana hakupiga kelele. Alitazama akasema, "Mara moja nyingine, basi gari latoka." Akaenda zake.

Zuhura hakunilaumu. Alinyoosha nguzo, akafungua mafundo yangu kwa uma, akaanza upya. Juu alikaza kama mimi. Chini aliacha nafasi ya kiganja, akapitisha kamba moja kwenye vitundu vyote, na kwenye kamba akaning'iniza vifuko vya mchanga alivyoshona kwa leso kuukuu. Ukuta wa upande wa pili akaukunja nusu, upepo upate mlango. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Mama. Na wanawake wote wa Siyu."

"Wapi?"

"Kiwanjani, baba. Ukishafunga ukaenda zako, mwanamume hana ruhusa ya kubaki, si ndivyo? Sisi huingia tukalegeza kamba zako kabla bibi arusi hajaja."

"Arusi gani?"

"Zote, baba."

Mama Zuhura, nilikaa chini. Miaka yote nilikuwa nasikia watu wakisema turubai la yule mzee halianguki, nami nikiitikia. Upande wa ndani sikuuona hata siku moja. Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Akasema, "Mama alituambia mkimwambia atakaza zaidi." Nilikasirika kidogo. Lakini nilifikiri njia nzima ya kurudi Kibokoni, na nikaona ni kweli, ningekaza zaidi.

Kusi likaja tena. Ukuta ukavimba, vifuko vikanyanyuka, ukarudi mahali pake taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Katana akaja akatikisa nguzo zote. Kisha akavuta benchi, akaagiza mbaazi. Zuhura akamjazia sahani.

Ndipo nikamuuliza binti yako habari ya Athmani. Akaendelea kuosha vikombe. Akasema, "Athmani ni mtu mwema. Lakini baba, kule nitakaa nikimngoja yeye. Hapa watu wangoja mimi nifungue." Nikachukua kitambaa, nikampangusia vikombe.

Basi nenda kwa mamake Athmani, kwa upole, na halua mkononi. Usimwambie kwamba Zuhura amekataa, jina la binti lisizungushwe barazani. Mwambie mimi ndiye niliyekataa. Mwambie yule mzee amekaza, hasikii la mtu, nawe umeshachoka naye. Wataamini wote, hakuna atakayeuliza mara ya pili.

Nisalimie dada yangu Mwanakombo, dawa yake ya macho nimeipata. Msalimie shemeji Bakari, fundi wa milango, na jirani yetu mkunga akutekeaye maji. Dadako akusalimu, na Zuhura akushika miguu. Nafasi niliyokata kwenye basi la kurudi ni moja tu.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura