Bomba Lianzie Chini

Mwenzangu uko wapi?? Nina hasira!

Si unajua wiki ya tatu hii kiwandani naimba kwamba bomba la mashine ya kujazia lizame mpaka chini kabisa ndani ya tyubu, lipande polepole dawa ya meno ikijaa? Ukiimwaga kutoka juu, hewa inanasa ndani. Msimamizi wetu akasema namchelewesha. Akalipandisha juu kwa mkono wake mwenyewe!

Leo mkurugenzi kaleta mteja mkubwa. Mteja kachukua tyubu moja, kaifungua, kaibinya.

Ikajamba.

Mbele ya mkurugenzi, IKAJAMBA!! Dawa ikamrukia mteja kwenye tai.

Msimamizi, macho makavu: "Huyu dada nimemwambia mara ngapi, bomba lianzie chini!"

Ati kaniambia MIMI!

Nafungua mdomo tu, mkurugenzi ananinyooshea kidole: "Wewe nyamaza, ujifunze kwa mkubwa wako."

Sasa niko stoo nakamua tyubu mia nne zenye hewa kwa mkono. Ukutani msimamizi kabandika tangazo, gundi haijakauka: BOMBA LIANZIE CHINI. Na sahihi yake.

Na bomba lenyewe? Nimetoka kuchungulia sasa hivi.

Bado liko juu.