Alama za Kaka Luong

Jumatatu, 4 Machi

Nimekuwa kiongozi wa timu. Khai alitangaza saa tatu asubuhi mbele ya wote, wakapiga makofi, Tram akaleta chai ya maziwa. Nikasema asante. Moyoni kimya, utadhani ametangazwa mtu mwingine ninayemfahamu kidogo tu.

Kisha Khai akanivuta pembeni. Ni bosi wangu, nimemzidi miaka mitano, ananiita dada, mimi namwita bosi, na sote wawili hatuko raha. Mteja wetu wa Nagoya, Japani, anapunguza mkataba. Tuko sita. Mwisho wa mwezi tutabaki watano. Watu wa utumishi wataangalia alama kuamua nani aondoke, na alama natoa mimi. Nusu ya fomu ni kuandika programu. Nusu nyingine wanaiita "stadi za kuishi na watu kazini".

Kipengele cha kwanza cha hiyo nusu: Huzungumza kikaoni.

Nikatupa jicho kwenye kona ya kaka Luong. Ana miaka arobaini na sita sasa. Ndiye aliyenifundisha kazi tangu siku ya kwanza, huu mwaka wa tisa. Kikaoni hafungui mdomo.

Jumanne, 5 Machi

Saa sita na nusu mchana taa zikazimwa kama kawaida, kila mtu na mkeka wake chini ya meza. Meza yangu na ya kaka Luong zinatazamana, kwa hiyo tukilala vichwa vyetu vinakaribiana. Hapo ndipo anapozungumza. Husubiri kwanza Tram aanze kukoroma.

Leo aliniuliza kama ile barua ya Hirose nimeshaituma. Bado. "Usiitume, mdogo wangu. Ina hasira. Lala kwanza, ukiamka uisome kama vile wewe ndiye Hirose."

Hirose ndiye mwenyewe, mteja wa Nagoya. Nililala, nikaamka, nikafuta aya mbili.

Nitakuwa naandika anayoniambia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu fomu haina mahali pa kuyaweka.

Alhamisi, 7 Machi

Mkufunzi kaja — Bi Diem, viatu vyekundu, sauti ya mtu anayenadi samaki. Alhamisi tatu atatufundisha kuzungumza. Tulikaa wawili wawili tukaambiana "naona", "nahisi", "naomba". Tram hodari sana. Zamu ya kaka Luong ilipofika Bi Diem akamuuliza, kaka, unahisi nini sasa hivi? Akafikiri weee. "Njaa."

Wote wakacheka, naye akacheka. Bi Diem akaandika kitu. Khai, amesimama nyuma, naye akaandika. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Wanaume wa ofisi wametugawia mawaridi, kila moja limefungwa nailoni. Kaka Luong hana mambo ya mawaridi. Alileta mapera na chumvi ya pilipili, akayakata, akayaweka mezani kwangu.

Mchana, chini ya meza: "Tram amekwama. Usimuulize kama amekwama, atakwambia hapana. Muulize amefika wapi. Na ukae ubavuni kwake, usimkalie mbele kama polisi."

Kweli. Alikuwa amekwama siku tatu. Alitoa machozi kidogo, halafu tukamaliza kwa saa moja.

Nimetafuta hicho ni kipengele kipi. Kipo, "Husaidia wenzake". Lakini aliyeonekana akimsaidia Tram ni mimi.

Jumanne, 12 Machi

Khai amemwahidi Hirose kwamba mfumo mpya wa ghala, wote, utakuwa tayari tarehe 25. Hakutuuliza. Haiwezekani hata tukihamia ofisini na magodoro. Kesho mimi ndiye nimwambie Hirose, kwenye skrini, na mkalimani katikati.

Mchana sikusinzia. Kaka Luong akajua.

"Usimwambie haiwezekani. Muulize watu wake wa ghala wakifika asubuhi wanafungua kurasa zipi kwanza."

Kwa nini?

"Zitakuwa mbili, tatu. Mpe hizo tarehe 25, ziwe safi kabisa. Zilizobaki taja siku unayoiweza wewe, siyo siku anayoipenda yeye. Na akikuuliza kitu hukijui, sema hukijui. Halafu sema utakijua saa ngapi."

Nikamwambia basi kesho sema wewe, kaka. Akasema sauti yake ikipita kwenye kipaza sauti anaisikia kama ya mtu anayedanganya. Akageukia ukutani.

Jumatano, 13 Machi

Kurasa mbili. Hirose alitaka kurasa mbili tu! Mapokezi ya mzigo na orodha ya dawa zinazokaribia kuisha muda. Zilizobaki amekubali zingoje hadi Mei. Jioni akatuma barua ya shukrani, na Khai akaisoma kwa sauti. "Dada Thuc, huo ndio ustadi sasa. Umejifunza wapi?"

Nikasema, kwa Bi Diem.

Lilinitoka hivihivi, hata sikulifikiria. Kaka Luong alikuwa anakunywa maji. Hakugeuka.

Alhamisi, 14 Machi

Bi Diem mara ya pili. Kila mtu asimulie kosa lake la kazini na namna alivyolikiri. Nikasimulia kosa dogo la mwaka wangu wa kwanza, wakanipigia makofi.

Acha niliandike la kweli hapa, hapa hakuna wa kupiga makofi. Siku mbili kabla ya Tet, mwaka mpya wetu, nilikuwa nawahi basi la kwenda kwa mama, Quang Ngai. Saa kumi na moja jioni nikaingiza mabadiliko kwenye mfumo wa Hirose bila kuyajaribu. Maagizo yakaanza kutoka mara mbili mbili. Kliniki moja ilipelekewa maboksi mia tatu ya bandeji badala ya mia na hamsini, nyingine zikakosa kabisa. Tuliporudi kutoka likizo kikaitishwa kikao cha haraka cha simu, Khai akauliza ni nani. Nadhani nilikuwa nimefungua mdomo. Sina hakika.

Kaka Luong akasema, "Kosa langu."

Miaka tisa, hilo ndilo neno pekee alilowahi kusema kikaoni. Wakamwandikia onyo, limo kwenye faili lake. Nilipomuuliza, mchana, chini ya meza, akasema jina langu lilikuwa limeshapelekwa juu kwa ajili ya uongozi, la kwake haliendi popote. Na kwamba yeye ndiye aliyeipitia kazi yangu akaipitisha, kwa hiyo si uongo wote. Sikubisha. Nikamwambia asante, kama mtu aliyepitishiwa sahani ya wali.

Tangu siku hiyo sihisi kitu. Nakula, nalala, nafanya kazi. Mama akipiga simu nasema nzuri.

Jumatatu, 18 Machi

Fomu za wanne nimejaza. Ya tano sijaigusa. Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Nilimpa kaka Luong tisa kwa kumi kila mahali. Khai ameirudisha. "Dada, tisa? Kwani mimi huwa simo kwenye hivyo vikao? Na lile onyo?"

Si mtu mbaya. Macho mekundu, halali vizuri siku hizi. Akasema hata yeye angependa kaka Luong abaki, lakini watu wa utumishi wanataka mifano yenye tarehe, alisema nini, lini, kukatokea nini. "Nipe kitu cha kushika."

Nikasema ninalo daftari. Nimeshasema, neno halirudi tena.

Uso ukamfunguka. Nilete Ijumaa mchana, atapiga picha kurasa zote za mwezi huu, saa nane anazipeleka. Nikauliza je, nikinakili upya kwa mwandiko safi? "Usinakili. Watasema umetunga leo."

Alhamisi, 21 Machi

Bi Diem mara ya mwisho. Somo: kukataa kwa adabu. Sikumbuki.

Nyumbani nimelifungua hili daftari. Tarehe 12 na 13, zile kurasa mbili za Hirose, ziko upande mmoja wa jani. Ni mfano pekee ambao Khai anaweza kuuthibitisha mwenyewe, barua ya shukrani anayo. Bila huo, yaliyobaki ni minong'ono. Tarehe 14 iko nyuma ya jani hilohilo.

Nikimpa Khai daftari zima, uongozi unaondoka, labda na kazi. Nikichana jani, kaka Luong anaondoka na onyo langu. Mwanawe mkubwa anafanya mtihani wa chuo Juni. Na kwa miaka arobaini na sita, nani humu Da Nang atamchukua?

Nimejaribu kuogopa. Hata woga hauji vizuri. Nimeosha vyombo.

Ijumaa, 22 Machi

Saa sita na dakika arobaini. Taa zimezimwa, naandika chini ya meza kwa mwanga wa simu. Khai atakuja saa saba na nusu, taa zikiwaka.

Tram anakoroma. Kaka Luong: "Mdogo wangu, huo mwanga." Nikasema samahani, nimeshindwa kulala. "Unaandika nini siku zote hizi?"

Nikamwambia. Kwamba mmoja wetu anaondoka, kwamba alama natoa mimi, daftari, jani, nini kiko mbele na nini kiko nyuma. Hajawahi kunisikia nikiongea mfululizo hivyo.

"Chana."

Nikamwambia nikichana na ya Hirose inaondoka.

"Nimesikia. Chana." Kisha: "Na siku nyingine usimpe mtu tisa. Hakuna anayeiamini tisa. Toa saba."

Amegeukia ukutani. Hajalala, mtu aliyelala hapumui vile.

Saa saba na dakika tano. Kuna kitu kimenipanda kifuani, kinauma kwelikweli. Nimeuma mto Tram asisikie. Nalia. Naandika nalia nisije baadaye nikasema haikuwa.

Saa saba na robo. Jani nimelishika. Limeanza kuachia kidogo juu, penye uzi.

Halafu nimeona. Nimejaza kurasa jana na leo, na humu nimeandika jani lina nini na onyo ni la nani. Picha ni za kurasa zote. Nichane na hizi pia? Basi ndiyo hii hapa, isichanganye mtu: kosa la Tet ni langu, Thuc, si la Luong. Na la kurasa mbili alilisema Luong, Jumanne tarehe 12, mchana, chini ya meza. Nilisikia mimi.

Saa saba na dakika ishirini na nane. Taa zimewashwa mapema. Wanakunja mikeka. Viatu vya Khai vimesimama mbele ya meza yangu, vya kahawia, kamba moja imefunguka. Dada, anasema, upo? Kaka Luong ananitazama kutoka upande wa pili, anatikisa kichwa, polepole, hapana. Jani bado limo. Nampa