Nguzo ya Kumi na Mbili

Mdogo wangu Hamisi,

Salaam aleikum. Barua yako ya kutoka Busia, huko ulikokimbilia, imefika imelowa, lakini nimeisoma yote. Unakula? Mguu umepona? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanipiga kana kwamba niliikosea.

Unauliza kama uitie sahihi karatasi ya yule afande, ukiri kwamba lori la Baba lilipinduka pale kilimani kwa sababu ulilikimbiza. Eti alimwambia Baba kwa Kiswahili chake cha kambini, "Kijana yako naweka sahihi, narudi Tororo, maneno naisha." Nilikasirika mpaka chai ikanipoa mkononi.

Unajua hapa kiwandani niko chumba cha kompyuta. Hata kabla lori halijaundwa, tunaipa mashine uzito, breki na kilima, nayo inatuambia litapandaje na litasimamaje. Nikaomba saa ya chakula nilipime lori letu. Bosi akacheka: "Kilima chenu kimepimwa na nani?" Nikamwambia, na mimi na mdogo wangu. Utotoni tulihesabu nguzo za simu kutoka juu mpaka mtoni, kumi na tisa, na hatua za kati yake. Tena kila dereva wa Tororo anajua kwamba lori la tani saba likijaa hupanda pale kwa gia ya kwanza tu. Akaacha kucheka, akachukua penseli, tukaupata mteremko.

Kwanza niliweka mzigo wa Baba, tani saba. Likashuka salama. Kisha nikaweka saruji waliyokupakiza askari kwa bunduki, karibu tani kumi na tatu. Nikapunguza mwendo, nikapunguza tena, hadi mwendo wa mtu na baiskeli. Kila mara breki ziliungua kabla ya mtoni. Kwa mwendo wako, zilikwisha baada tu ya nguzo ya kumi na moja. Wewe uliniandikia kwamba zilikukatalia kwenye ya kumi na mbili. Nililia mbele ya Wazungu, wala sikuona haya.

Hukukosea, Hamisi. Usitie sahihi. Baba akisema mkono usioweza kuukata, ubusu, mwambie mkono huu wa afande binti yake haubusu.

Nisalimie mama mwenye nyumba anayekuhifadhi, na shangazi anayevuka mpaka na mboga zake. Amwambie Mama mwanawe si mzembe.

Karatasi ya mashine nimeikunja humu. Juu nimeandika jina lako, dereva. Chini nimetia sahihi yangu, mpimaji. Afande akitaka sahihi ya nyumba yetu, ndiyo hiyo.

Dada yako,
Zaituni