Kabla ya Marumaru

Jumamosi, 4 Mei

Leo amevunja bafu. Sikuambiwa. Nimeamshwa na nyundo, nikadhani ni jirani anatundika picha. Nilipofika mlangoni nikamkuta mume wangu amepiga magoti, amevaa kandambili na ile miwani ya plastiki wanayovaa kazini kwake, famasi, wakichanganya dawa, anachokonoa kigae cha kwanza kwa tindo. Hakugeuka. Akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani kwamba anabadilisha sakafu.

Nikasema sawa.

Niliandike mara moja nisilirudie: mimba yangu ilitoka humo bafuni, mwezi Machi, ikiwa na miezi mitano. Yeye alikuwa kazini. Dada yake ndiye aliyekuja, akanipeleka hospitali, kisha akarudi kupiga deki. Tangu hapo mume wangu hajauliza kitu na mimi sijasema kitu. Tunaiita "ile siku". Hata hilo tunalishika kwa uangalifu, kama glasi za wageni.

Jioni amesema itakuwa marumaru. Nyeupe, yenye mishipa ya kijivu. Ameshaagiza.

Chai ilikuwa na vumbi. Tumeinywa hivyo hivyo.

Jumapili, 5 Mei

Vigae vyote vimetoka. Amevitia kwenye viroba na kuviteremsha mwenyewe hadi kwenye pipa la taka la mtaa, safari baada ya safari, bila kupumzika. Hataki fundi. Nilimuuliza sababu, akasema mafundi wanachelewesha.

Chini ya vigae kuna zege. Nyeusi, yenye mabaka ya gundi ya zamani. Nilisimama nikaitazama kwa muda. Nilikuwa nangojea nione nitasikia nini — huzuni, kichefuchefu, chochote. Hakuna. Ni zege. Nikaenda kukunja nguo.

Amekwangua gundi yote, na penye ufa amejaza. Anagonga kila mahali kwa mpini wa nyundo na kutega sikio, kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa. Anasema marumaru ni jiwe lenye kiburi: ukiliwekea kibonge chini, au uwazi, siku moja linapasuka papo hapo. Amesoma mahali. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoniambia wiki hii.

Tunaoga chooni, kwenye beseni. Mimi naona ni afadhali. Sikumwambia.

Jumanne, 7 Mei

Wifi amekuja na matunda. Hakubisha hodi, huwa habishi. Amesimama mlangoni mwa bafu, mikono kiunoni.

"Wifi, nyumba hii mmeiuza au mnatafuta dhahabu?"

Nikamwambia ni marumaru.

"Marumaru kweli, au vile vigae vyenye picha ya marumaru?"

Kweli.

"Haya bwana. Sisi wengine tukiona marumaru tunavua viatu." Kisha akaiona mizani yangu ya jikoni juu ya mfuko wa saruji. Akacheka mpaka akashika ukuta. Alipoingia mume wangu kutoka kazini, hakupewa hata nafasi ya kuvua tai. "Bwana Pima! Saruji unaipima kwa gramu? Utaiandikia na karatasi — kijiko kimoja, kutwa mara tatu?"

"Dada, vipimo vikikosewa inapasuka."

"Ikipasuka utaipa panadol."

Na mimi nimecheka. Nimejisikia nikicheka, kwa mbali, kama redio ya chumba cha pili.

Alipokuwa anaondoka alinivuta kando, akauliza kama nalala. Nikasema ndiyo. Akauliza kama tunaongea. Nikasema tunaongea sana, kuhusu saruji.

Alhamisi, 9 Mei

Nimegundua kwamba mume wangu hana tena neno la kuniita. Mwezi wa kwanza wa mimba alianza kuniita "mama" kwa utani, akikuta nimekula embe usiku. Baadaye haukuwa utani. Sasa hawezi kulitumia, na jina langu alikwisha kulisahau mdomoni. Kwa hiyo anakohoa. Anasimama mlangoni, anakohoa, ninageuka.

Leo amekohoa akaniomba nishike utepe wa kupimia. Nimeshika. Bafu lina urefu uleule upande huu na upande ule. Alifurahi. Nyumba nyingi, anasema, kuta zimekaa upogo.

Ofisini wameuliza nitarudi lini. Kuna kitabu cha darasa la sita kinasubiri kusomwa kabla ya kwenda mtamboni. Kazi yangu ni hiyo: kuona makosa ya watu wengine kabla hayajachapishwa. Nimejibu kwamba bado nina likizo. Mkuu wangu amejibu kwa upole mno. Kila mtu ni mpole mno. Natamani mtu mmoja anifokee.

Jumamosi, 11 Mei

Leo amemwaga sakafu. Saruji na mchanga, vilivyopimwa. Nilishika ncha moja ya ubao mrefu, yeye nyingine, tukawa tunauburuta kuelekea mlangoni, pole pole, kulia kushoto, kulia kushoto. Hatukuzungumza lakini haukuwa ule ukimya wetu wa kawaida. Ulikuwa wa kazi. Jasho lake linanukia kama zamani.

Kila baada ya hatua anaweka pima maji, anainama, anafumba jicho moja, anatazama kiputo cha hewa ndani ya kioo chake. Kikisogea hata unywele, anarudi nyuma, anaongeza kidogo, anasawazisha upya. Ameiweka kwa urefu, kwa upana, kutoka pembe hadi pembe. Mwisho kiputo kimekaa katikati kila mahali. Akaniita kwa mkono nikitazame. Nikakitazama. Katikati kabisa.

"Umeona?" akasema. Na akatabasamu. Sijaliona tabasamu hilo tangu Machi, na jino lake la pembeni nililisahau.

Nikamwambia imetoka vizuri.

Imetoka vizuri kweli. Imelala kama shuka lililopigwa pasi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepewa kazi. Saruji isikauke haraka, itanyauka na kufanya nyufa. Kwa hiyo asubuhi na jioni nafunua nailoni, nanyunyiza maji, nafunika. Yeye yuko kazini mchana kutwa, na akirudi anakuta nailoni imetandikwa. Anaibonyeza kwa kidole, anaridhika.

Asubuhi nilizidisha maji. Ndoo iliniponyoka kidogo. Nikangoja yaingie kwenye tundu la maji, pale katikati, nifunike niende zangu. Hayakuingia. Ya karibu na tundu yaliingia, mengine yakatulia palepale yalipo. Nikaenda kunywa chai. Nikarudi. Yako palepale, safi, yananionyesha dari.

Ndipo nikaelewa. Ameinyoosha sakafu. Ameinyoosha kila upande, mpaka kiputo kikakaa katikati. Lakini sakafu ya bafu haitakiwi kunyooka. Inatakiwa iinamie tunduni, la sivyo maji yataenda wapi? Hata ile ya zamani, iliyowekwa na fundi wa ovyo ovyo tuliyemcheka, ilikuwa na mteremko.

Nimeyakausha kwa tambara. Nimefunika.

Jioni akauliza inaendeleaje. Nikasema vizuri.

Jumatano, 15 Mei

Sijamwambia.

Nimejiuliza kwa nini, kwa sababu nimezoea kujiuliza. Sababu ya kwanza ni lile jino. Ya pili si nzuri. Nadhani nataka ikosewe. Anataka aweke jiwe jeupe juu ya ile siku, aliunganishe vizuri, alipige msasa ling'ae, kisha tuoge. Tutaoga na kujipaka mafuta na kwenda kazini na itakuwa imekwisha, na hakuna atakayekuwa ameuliza. Basi maji yasiondoke. Yasimame hapo kila asubuhi, ayakanyage.

Nimeisoma sentensi hiyo mara ya pili. Ni ya mtu mwenye hasira. Lakini hasira yenyewe siisikii, naiona tu imeandikwa.

Wifi amepita mchana. Tumekaa jikoni anamenya machungwa. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama kaka yake huwa anamwambia kitu.

"Ndugu yangu? Thubutu. Anakuja dukani kwangu akitoka kazini, anakaa kwenye kreti la soda, anatazama ukuta. Nikimwuliza vipi, anasema safi. Wateja wanadhani ni mlinzi." Akanipa kipande cha chungwa. "Siku moja akaniuliza kama ulilia. Ile siku. Nikamwambia kamuulize mwenyewe, una mdomo."

"Akasemaje?"

"Akanunua betri akaondoka."

Kwa hiyo si foleni inayomchelewesha jioni, kama anavyoniambia.

Ijumaa, 17 Mei

Marumaru imeletwa. Maboksi yamejaa korido, tunapita ubavu ubavu kama kaa. Kila boksi ni zito kama mtu. Amefungua moja, akanipakatisha jiwe. Lilikuwa baridi hadi mifupani. Zuri — siwezi kusema uongo — ni zuri sana.

Amenieleza yote, amesimama, amechangamka. Gundi lazima iwe nyeupe, kwa sababu ya kijivu inapenya na kulitia jiwe kivuli. Kesho asubuhi anapaka dawa ya kuzuia maji, mara mbili, anaacha ikauke. Jumapili anaanza kubandika, kutokea katikati kwenda ukutani. Likishabanduliwa jiwe lililokwisha kushika, anasema, halitoki zima. Linatoka vipande.

Kwa hiyo mwisho ni kesho. Akishapaka ile dawa, nikisema nitakuwa nimemwacha afanye kazi bure. Nisiposema kabisa, tutakuwa na bafu la marumaru lenye maji yasiyokwenda popote, mpaka tutakapohama au tutakapokufa, au mmoja wetu atakapoondoka. Hilo la mwisho limejiandika lenyewe. Siwezi kuishi na mtu niliyemtazama akikosea, nikakaa kimya makusudi. Na siwezi kuishi na asiyeuliza.

Amelala sasa hivi kwenye kochi, na utepe wa kupimia kifuani.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika nimekaa juu ya maboksi, koridoni. Yeye yuko bafuni. Ni asubuhi bado.

Ilikuwa hivi. Nilimkuta amechuchumaa mlangoni anakoroga dawa kwenye kopo, brashi mpya pembeni. Nikajaza ndoo jikoni. Nikampita. Nikaimwaga yote.

"Unafanya nini wewe? Imeshakauka hiyo!"

Nikamwambia atazame.

Kiasi kiliingia tunduni kwa kelele, halafu kelele ikaisha. Yaliyobaki yakatandaa hadi kuta zote nne, yakatulia. Tulitazama wote wawili. Alichukua pima maji akailaza ndani ya maji, akainama, akafumba jicho moja.

"Iko sawa," akasema. Kisha, polepole: "Iko sawa kila upande."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Tangu Jumatatu."

"Mbona hukusema?"

Nilikuwa nimetayarisha majibu. Nilikuwa na majibu mazuri, yenye mpangilio. Likatoka jingine: "Na wewe mbona hukuuliza?"

Hakujifanya kuwa hakuelewa. Hilo nampa. Aliweka kopo chini. Akaingia, akakaa mle ndani ya maji na suruali yake ya kazini, mgongo ukutani. Nilidhani analia, lakini hapana, alikuwa anapumua tu kwa mdomo kama mtu aliyepanda ngazi. Nje mtu alikuwa anaita teksi. Mimi nimesimama na ndoo tupu, sijui niiweke wapi.

Halafu akauliza, macho yako kwenye tundu, si kwangu. "Ulikuwa upande gani?"

Nikamwambia vigae vile ameshavitupa.

"Najua nimevitupa. Upande gani?"

Nikavua kandambili. Maji yalikuwa baridi, na nyayo zangu ziliusikia mchanga ndani ya saruji, punje kwa punje. Nilishangaa kwamba zilisikia. Nikamwonyesha kwa mguu: hapa nilikaa, mgongo ulikuwa hapa, miguu kuelekea mlangoni kwa sababu nilikuwa nataka kutoka. Simu ilikuwa kule, kwenye sinki, sikuifikia. Baadaye niliifikia. Alisogea kila nilipoonyesha, akanipisha, kama vile kuna mtu amelala pale asimkanyage.

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Ilikuwa kama kumwelekeza mtu njia.

Nilipomaliza akasema, "Na mtoto?"

Hospitali walisema mimba. Wifi husema "lile tatizo". Mimi mwenyewe humu nimeandika mimba, ukurasa wa kwanza, na sikuona kosa.

"Na mtoto alikuwa wapi?"

Nilimwambia nakuja, nachukua taulo, ataumwa kifua akikaa hivyo. Taulo ninalo hapa magotini. Limelowa upande mmoja kwa maji ya miguu yangu, na baridi yake mwanzoni ilikuwa kama ya mtu mwingine, lakini sasa naisikia.

Hajainuka. Hajakohoa. Nasikia mkono wake ukipapasa maji, taratibu, kuanzia ukutani kuelekea pale nilipomwonyesha.