Kamba Aliyefunikwa Kitenge cha Harusi

Ifakara, Jumapili. Mvua tangu alfajiri.

Bati linapigwa na mvua, nami niko peke yangu kwenye kitanda kipana alichotupatia baba mkwe. Mto mmoja bado unanukia Gasto. Nalalia huo.

Jamani, nampenda mume wangu! Mwezi wa pili wa ndoa haujaisha, na tayari nimejua upweke ulivyo.

Alipanda treni ya TAZARA kwenda Dar na madumu matupu, akachote maji ya bahari. Kamba wake wa mtoni wanaishi vizuri tu katika beseni la saruji nyuma ya nyumba, lakini vifaranga vyao hufa pasipo chumvi. Kaniachia wawili, jike na dume lake.

Hata wao wana wenza.

Jike hajawahi kubeba mayai. Gasto aliniagiza nimbane kikonyo cha jicho moja kwa kibanio cha moto, maana ndani ya jicho mna kitu kinachozuia mayai. Nilimshika. Akanitazama kwa macho yote mawili, na mimi nikakiangusha kibanio.

Basi nikamfanya mwali. Nikafunika beseni kwa kitenge changu cha harusi, akae gizani, asisumbuliwe na mtu.

Leo baada ya Misa wifi Roza, dada yake Gasto, kapita kunitania.

“Wifi, kaka kakufunga kwa kamba wawili tu, nawe umetulia!”

“Amefuata maji ya bahari.”

“Mvua yote hii, mtu afuate maji Dar? Kakupiga kamba, mwenzangu!”

Tulicheka mpaka akaegemea mlango. Alipoondoka, kicheko changu kikaondoka naye.

Na kama kweli kanidanganya?

Nikaenda kufunua kitenge, nipate tu wa kumtazama. Chini ya tumbo la jike kumejaa mayai ya rangi ya chungwa, madogo kama ulezi, naye anayapepea kwa miguu. Macho yake yote mawili yapo! Nikapiga vigelegele peke yangu, mvua ikavimeza.

Gasto wangu, mayai yakianza kuwa ya kijivu yatataka bahari. Mimi chumvi yangu ni ya machozi, haijazi hata kikombe.

Treni ya kesho kutoka Dar itanikuta stesheni, nikikusubiri. Kitenge nimemwachia mwali.