Upinde wa Mjomba Unapiga Kelele

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua yamekwisha, na nakula kuliko unavyodhani. Goti lako je?

Ule upinde wako wa mbao, ulionizidi umri, umefika salama. Tuna klabu, tunalenga shabaha kila Jumamosi katika ukumbi ulio nyuma ya karakana ya miwani ninakofanya kazi. Wenzangu wana pinde za kisasa, lakini wako ndio wanaougombea kuushika. Tatizo ni kelele. Nikiachia ugwe, ile kamba yake, unalia pwaa, kama mtu kazabwa kibao. Na upande wa pili wa ukuta kuna chumba cha kulaza watoto wachanga. Mlezi wao, mama mpole sana kabla hajakasirika, amekuja mara tatu. Amenipa hadi Jumamosi ya mwisho ya mwezi: upinde unyamaze au utoke. Ukitoka, nami natoka, maana wa kuazima siutaki. Mjomba, katika mji huu Jumamosi ndiyo siku pekee ninayocheka hadi mbavu zinaniuma. Nisaidie.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limeacha kulalamika baada ya kuona halisikilizwi.

Kelele? Upinde huo? Enzi zangu nikiachia mshale, mbuzi wa jirani hata hainui kichwa. Sikiliza. Paka ugwe nta, umekauka. Funga kishada cha sufu karibu na kila ncha ya ugwe, kinyonye mtetemo. Kisha pima nafasi kati ya mshiko na ugwe, na hapo ndipo penye kazi. Simamisha ngumi juu ya mshiko, nyoosha kidole gumba. Ncha yake iguse ugwe. Ugwe ukiwa karibu mno, usokote ufupike. Ukiwa mbali mno, ulegeze. Rula iache kabatini. Najua nyinyi mafundi wa miwani mnapima hadi unywele, lakini upinde huo haujawahi kuona rula. Na usiufyatue bila mshale, utapasuka.

Mjomba wako

17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Afya ipo, ila mkono wa kushoto una alama nyekundu.

Nta nimepaka, sufu nimefunga. Nikapima kwa ngumi: gumba halikufika kwenye ugwe, basi nikaulegeza mizunguko kumi na miwili mpaka likagusa. Kelele zimezidi! Ugwe sasa unanichapa na mimi. Jana mtoto mmoja kaamka, akawaamsha wenzake kumi. Mlezi alisimama mlangoni na mtoto kila mkono, akanitazama tu. Kama upinde umezeeka niambie ukweli, nisijidanganye. Zimebaki wiki mbili, nami nimeanza kuzionea huruma Jumamosi zangu.

Mpwa wako

22 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole ya mkono.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nikatoka nje nikaisimamisha ngumi yangu, nikaitazama. Muuza maziwa akapita, nikamwomba asimamishe yake. Akadhani nataka tupigane. Mpwa wangu, mimi ni mjinga mwenye mvi. Mkono wangu umesukuma randa miaka arobaini; wako unashika skrubu za miwani. Upinde hauna hatia, kosa ni langu kukupimia kwa ngumi yangu, na nimeona haya kweli. Nimeichora ngumi yangu kwenye karatasi niliyoambatanisha. Nimeazima na rula, usimwambie mtu: sentimita ishirini kasoro milimita mbili. Usokote ugwe mpaka hapo, kisha mzunguko mmoja mmoja, huku ukisikiliza. Nasubiri barua. Nikikufukuzisha huko sitajisamehe.

Mjomba wako

30 Machi

Mjomba, mjomba, mjomba!

Shikamoo ya haraka haraka. Niliweka ngumi yangu juu ya mchoro wako, ikazama yote na nafasi ikabaki. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Mizunguko kumi na tisa, mjomba!

Leo mlezi kafungua mlango wa katikati, kakaa kati ya vitanda, kainua kidole kimoja. Nikaachia. Ugwe ukasema fyu, kama mtu anayepuliza chai. Akainua viwili. Fyu. Vitatu. Fyu. Watoto kumi na mmoja, hakuna hata aliyejigeuza. Na mshale wa tatu ukaingia katikati kabisa ya shabaha! Basi klabu nzima ikajisahau. Vigelegele, makofi, mwenyekiti akaangusha benchi. Watoto wote wakaamka kwa mpigo mmoja.

Mlezi akatujia, macho yamemtoka. “Upinde ubaki,” akasema. “Nyinyi ndio mtoke.”

Lakini hakututoa mikono mitupu. Tumepewa mtoto mmoja mmoja wa kubembeleza, na wangu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Mpwa wako